MJADALA: Maelezo ya spamu yawekwe inboksi kuu, sio ndani ya foda ambayo watu hawaifungui

Wakuu habari za saa hizi. Kuna ubishi nimekuwa nao na wadau kadhaa wa mambo ya programu nikaona tuulete hapa tuujadili wote, ni kuhusu yale maandishi madogo ya maelezo kwenye inboksi zetu za imeili na meseji, yakae wapi? Wenzangu wanasema inboksi ibaki safi, maelezo yawe huko ndani anayeyataka ayafuate. Mimi nakataa kabisa, na nakataa kwa sababu nafanya kazi steshenari, watu wanakuja kuprinti CV, kutuma maombi ya kazi, kufunguliwa imeili, na haya mambo nayaona yakiwagharimu watu kweli.

Chukua Gmail maana ndio wengi tunaitumia. Ukiingia foda ya spamu, ile ambapo mfumo unatupa meseji unazozishuku kuwa ni takataka au utapeli, juu kabisa kuna mstari unasema meseji zikikaa humo zaidi ya siku 30 zinafutwa zenyewe. Maelezo yenyewe mafupi na yanaeleweka, sina tatizo nayo. Tatizo ni pale yalipo. Kwenye simu foda ya spamu iko ndani ya ile menyu ya vistari vitatu na mpaka ushuke chini, kwenye kompyuta mara nyingi mpaka ubonyeze ile sehemu ya kuonyesha foda zaidi, na meseji ikidondokea huko simu hailii. Sasa anayehitaji hilo onyo ni nani kama sio yule asiyejua hata kama foda ipo? Na onyo lake mmeliweka humo humo ndani. Anayelisoma ni aliyekwisha kufika, ambaye meseji yake kashaiona.

Mtu kaomba kazi, kaambiwa akipita ataitwa kwa imeili, kila siku anachungulia inboksi kimya, mwisho anajua kakosa anaendelea na maisha. Kumbe barua ya usaili ilikuja, ikakaa spamu, siku ya usaili ikapita na baadae ikafutwa. Na hii haitokei kwa bahati mbaya tu, ofisi nyingi ndogo zina domeini zao (lile jina linalofuata alama ya @ kwenye imeili) lakini aliyewatengenezea hakuweka rekodi za SPF na DKIM zinazothibitisha kwamba meseji kweli imetoka kwao, kwahiyo mashine ikiiona inaitilia shaka. Google wamezidi kukaza tangu Februari 2024, anayetuma meseji 5,000 na zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na hizo zote mbili pamoja na DMARC, rekodi inayosema meseji isiyothibitika ifanyweje. Sawa wanatulinda, nawapongeza. Lakini kosa ni la mtumaji na anayekosa kazi ni mpokeaji ambaye DKIM hajawahi hata kuisikia.

Hoja nzito niliyopewa ni hii, kwamba ukiweka maelezo ya spamu inboksi kuu unawaita watu wakachezee huko kwenye matapeli. Hii naiheshimu maana matapeli wapo kweli na watu wanalizwa. Ila angalieni ninachoomba: sitaki meseji zenyewe zionyeshwe inboksi, nataka mstari mmoja tu, unatokea pale ambapo kuna kitu kimezuiwa, unasema kuna meseji zimewekwa pembeni na ya kwanza kufutwa itafutwa tarehe fulani, basi. Zile ambazo mfumo una uhakika ni za wizi zisihesabiwe kabisa kwenye huo mstari, zikae zilipo na mtu akizifungua akutane na onyo jekundu juu ya meseji kama inavyofanyika sasa. Hapo Gmail wamepatia, onyo liko juu ya kitu chenyewe, na ile sababu ya kwa nini meseji iko spamu iko pale pale na kitufe cha kusema sio spamu.

Na tukiongelea matapeli, hoja hiyo hiyo inanibeba mimi. Hapa Tanzania TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishatupa namba 15040 ya kufowadia zile meseji za "ile hela nitumie kwenye namba hii". Matangazo yapo, namba inatajwa. Lakini mama anapopokea ile meseji saa mbili usiku, mtoto kweli yuko shule na hela ya ada kweli anatakiwa kutuma, kwenye skrini anaona namba ngeni na maneno ya tapeli tu, 15040 iko kwenye bango huko stendi. Ingekaa mstari mmoja chini ya meseji yoyote ya namba mpya inayotaja kutuma hela, wangapi wangeshtuka?

WhatsApp walilielewa hili. Mwaka 2018 walipoanza kuonyesha kwamba meseji imefowadiwa hawakuiweka kwenye setingi, waliibandika juu ya meseji yenyewe, na 2019 wakaongeza vile vimshale viwili kwa iliyozungushwa mara nyingi. Facebook nao kabla ya 2015 walikuwa na foda ya "Other" ambapo meseji za wasio marafiki zilizama kimya kimya, kuna watu walikuja kuzikuta baada ya miaka. Oktoba 2015 wakabadilisha zikawa maombi ya meseji, yaani unaonyeshwa kuna mtu anataka kukuandikia, unakubali au unakataa. Kwahiyo msiniambie haiwezekani.

Hoja nyingine, kwamba skrini ya simu ni ndogo haina nafasi ya huo mstari, siipi uzito, simu hiyo hiyo ina nafasi ya matangazo juu ya tabu ya promosheni ya Gmail. Na hii ya kwamba watu hawasomi maelezo, hawasomi kwa sababu yanakuja siku ya kwanza unafungua akaunti, yote kwa mpigo, unabonyeza endelea endelea mpaka yaishe. Mlete mtu maelezo siku yanapomhusu, yenye tarehe, uone kama hatasoma.

Kitu kimoja tu bado nasuasua: huo mstari mtu aweze kuuzima moja kwa moja au urudi kila kunapokuwa na kitu kipya? Mimi naelekea kwenye urudi, maana anayeuzima leo ndio huyo huyo anayesubiri barua mwezi ujao. Mnaounda hizi programu mliopo humu, mnalionaje?