Ati nikanunue KALKULETA?! Yule muuza kompyuta wa Kariakoo leo kanivua nguo mbele za watu

Wakuu natype mikono inatetemeka, niko kwenye daladala ya Mbagala na hasira zangu zote. Yule jamaa mnamjua, wa ghorofani, mwenye meza ya kioo, miwani ya jua kaipandisha kichwani hata mvua inanyesha. Simtaji, kila aliyewahi kutafuta RAM mjini hapa kapita mikononi mwake. Leo kaniambia nikanunue kalkuleta. Mimi. Mbele ya wateja kama elfu moja na yule binti anayeuza chaja pale mlangoni.

Iko hivi. Nashuti harusi, kamera yangu inatoa 4K ya 10 biti 4:2:2, yaani video nzito yenye rangi nyingi, na mashine niliyonayo nikiweka klipu moja tu inaganda mpaka bibi harusi anaota mvi. Nimedunduliza miezi saba. Nikamuuliza kistaarabu kabisa, kaka, hii prosesa ya i9-14900K ya milioni na laki nane inanipa nini mimi ambacho i5-14600K hainipi? Nikamwambia naona ni kori 24 kwa 14, sawa, lakini UHD 770, ile chipu ya picha ya ndani ya prosesa, si imo kwenye zote mbili, na ndio inayofungua hayo mafaili ya 4:2:2? Na rangi kwenye DaVinci, programu yangu ya kuedit, inabebwa na GPU, yaani kadi ya picha, si bora hela inayobaki niiongezee huko?

Swali la mtu anayetoa hela yake jamani! Jamaa akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kofia, akapiga funda la chai, akasema kwa sauti ya mnadani: "Kama unahesabuhesabu hivyo, nenda kanunue kalkuleta." Duka zima likacheka. Binti wa chaja alicheka mpaka chaja zikamdondoka.

Kalkuleta wakuu. Miezi saba sijala kuku, naambiwa kalkuleta.

Na alichoficha ni kwamba hilo dude la i9 likikazana linavuta wati 253, kwa joto la Dar hili bila feni ya maji ya maana linajipunguza spidi lenyewe, kwahiyo ongeza feni, ongeza pawa saplai, ongeza mazabodi. Yeye anaimba spidi ya gigahezi 6 tu, na hizo 6 zinafikiwa na kori mbili tena zikiwa hazijapata moto. Nikitaka kuuliza hilo nalo, tayari nimeshaitwa mtu wa kalkuleta.

Mjomba Tandika: 😂😂 sasa ulinunua ya kawaida au ya saintifiki?

Kitasa Kibovu: Afadhali wewe, mimi aliniambia laptop yangu niipeleke makumbusho wakaiweke karibu na mifupa ya mjusi.

Mtoa mada: Kitasa wewe mlikuwa wawili tu dukani. Mimi kaniambia kalkuleta mbele ya UMATI.

Sungusungu wa Data: Kwa kazi yake mtoa mada yuko sahihi, achukue i5. i9 inamlipa anayerenda 3D kwa prosesa yenyewe au programa anayekompaili kodi zake kutwa nzima, huyo kila dakika ni hela. Hata wa gemu haimhusu, Ryzen 7 7800X3D ya AMD ina kori 8 tu ila ina kashe (memori ya haraka ya ndani ya prosesa) ya MB 96, na kwenye gemu nyingi inaiacha 14900K huku inakula umeme kidogo. Halafu mkumbuke 2024 Intel wenyewe walikiri voltiji inapanda kupita kiasi kwenye kizazi cha 13 na 14, wakatoa mikrokodi mpya ya kurekebisha, inayoingia kwa kuapdeti BIOS, wakaongeza waranti miaka miwili. Ukiuziwa mtumba wa i9 na BIOS haijawahi kuguswa, hapo umenunua jeneza.

Dada Fulana: Umeongea point ila hiyo 7800X3D mimi niliagiza kwa mtu, mwezi wa tatu huu nasikia "iko bandarini". Inaogelea?

Mjomba Tandika: Dada Fulana pole, hawa wa "iko bandarini" tuwafungulie uzi wao.

Babu Kijiwe: Mmetaja kalkuleta nimekumbuka kikokotoo cha mafao ya wastaafu. Mzee wangu kafanya kazi miaka 34, akaenda kufuata mafao karudi hasemi na mtu. Nyie mnalia na prosesa.

Kitasa Kibovu: Babu hapo umegusa donda. Mama yangu mwalimu anastaafu mwakani, usingizi hapati.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. Alisema "nenda kanunue kalkuleta". Na chai yangu mkononi anakunywa! Yaani yake.

Dada Fulana: Mkuu tumeskia. Babu Kijiwe, mzee alipewa na mchanganuo au karatasi tupu?

Babu Kijiwe: Karatasi moja, haina hata maelezo. Ngoja nikifika nyumbani niangalie.

Mtoa mada: Mbele ya binti wa chaja lakini.

Fundi Mchikichini: Nina i5 ya kizazi cha 4, boksi lake lipo, njooni PM haraka kabla haijaondoka.