Luku inanimaliza, nataka nifunge sola Mtwara, naombeni ushauri kabla sijatoa hela

MtotoWaMikindani:
Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Magomeni, tuko watu watano, luku inakula units 8 kwa siku, nikinunua ya elfu kumi siku ya nne tupo gizani. Nina hela ya korosho ya msimu uliopita nimeikalia, nataka niachane na luku kabisa, fundi kaja kaangalia kanitajia milioni 5 na ushee betri zikiwemo. Nina friji la mtumba, feni 2, tivi, pasi, taa za njano zile za kizamani na heater ya bafuni maana kipindi hiki cha kusi asubuhi maji hayagusiki. Nitoe au nisubiri?

Kusi_Kali:
Usitoe hata mia. Angalia ubavuni mwa hiyo heater, nyingi zimeandikwa watt 4500. Watu watano dakika sita sita ni nusu saa, hapo units 2 na robo zimeenda, mkioga na jioni ni 4 na nusu. Yaani zaidi ya nusu ya luku yako inaishia bafuni halafu unataka kuinunulia betri 😂

MtotoWaMikindani:
Duh. Mi siku zote nalaumu tivi ya watoto

Mama Wawili Lindi:
Kaka yangu huku Lindi sisi tunajaza ndoo nyeusi saa nne tunaziacha juani na mfuniko, jioni maji vuguvugu yenyewe. Ya asubuhi mvumilie tu, kusi lenyewe miezi michache. Na friji, bana karatasi mlangoni halafu vuta, ikitoka kirahisi mpira umekufa, baridi linavuja na mashine haipumziki.

fundi_umeme_kusini:
Dada kamaliza. Mi naongeza taa, balbu ya watt 60 weka LED ya 9 mwanga ule ule. Halafu usiku zima kila kitu, friji chomoa, uangalie kitaa chekundu cha mita, kikiendelea kupepesa kuna kitu kinakula kimya kimya au waya unavuja, ita fundi. Sola inapimwa kwa matumizi, ukishusha matumizi paneli na betri zinapungua, na betri ndo hela yenyewe. Na ukishuka chini ya units 75 kwa mwezi kaulize TANESCO habari ya D1, ile bei ya wanaotumia umeme kidogo, unit shilingi 100 kabla ya kodi, unaweza usiione tena haja ya sola.

Bwana_Mnazi:
Mtwara na heater wapi na wapi jamani, huko Njombe watasemaje

MtotoWaMikindani:
Mrejesho wakuu, wiki ya pili leo. Heater nimeichomoa (mama watoto alininunia siku tatu), taa nimebadilisha zote, mpira wa friji kweli ulikuwa umepasuka nikaweka mwingine. Sasa hivi units 3 kasoro kwa siku. Fundi nimempigia apige hesabu upya, kapoa kidogo kwenye simu 😅 nasubiri bei yake.

Bwana_Mnazi:
Hiyo heater unauza? Nina shemeji yuko Makete, huko huko Njombe