Sungura wananyonyoka manyoya, mbuzi wanakula mlusina huohuo na wako fiti

sungura_moro: Wakuu habari za humu. Pumba imepanda bei nikaanza kuwakatia sungura mlusina kwa wingi, sasa manyoya yanatoka, ukimshika mgongoni yanabaki mkononi. Duka la dawa za mifugo wakanipa dawa ya ukurutu, nimepaka weee hamna kitu. Mbuzi wanakula majani hayohayo na wamenenepa balaa. Shida nini?

lishe_ya_mifugo: Pole mkuu, hiyo dawa weka pembeni. Mlusina una mimosini, ni amino asidi kabisa ila haimo kwenye zile 20 za kujengea protini. Inafanana na tairosini, moja ya hizo 20, tofauti iko kwenye pete ya atomi, ya mimosini ina naitrojeni ndani halafu pembeni kuna oksijeni mbili zimekaa jirani, hizo ndo zinang'ang'ania chuma, zinki na shaba. Seli ikikosa chuma inashindwa kutengeneza DNA inagoma kugawanyika, na seli za kwenye shina la unywele zinagawanyika kasi sana kwa hiyo ndo zinaumia mapema. Punda na nguruwe hivyohivyo. Australia walishajaribu hadi kuwapa kondoo mimosini ili sufu itoke bila kunyoa 😂

bint_tanga: na mbuzi je?

lishe_ya_mifugo: Mbuzi anabebwa na vijidudu vya tumbo la kwanza, vinaigeuza mimosini kuwa kitu kinaitwa DHP, manyoya yanapona ila DHP nayo ikizidi inavuruga tezi ya shingo, mnyama anapata goita. Raymond Jones wa Australia aliona mbuzi wa Hawaii wanashiba lusina na wala hawaumwi, wa kwao wanaugua, ikachukuliwa maji ya tumboni ya wale wa Hawaii wakapewa hawa, kwisha habari. Bakteria mwenyewe anayeivunja hiyo DHP 1992 akapewa jina Synergistes jonesii.

mzee_wa_zizi: Mi naanika juani kwanza

lishe_ya_mifugo: Inasaidia mzee, jani likinyauka vimeng'enya vyake lenyewe vinaivunja mimosini, ila inageukia DHP ileile kwa hiyo usijiachie. @sungura_moro hata ukianika wape kidogo tu uchanganye na majani mengine, na vile vichipukizi vya juu wape mbuzi maana ndo vina mimosini nyingi kuliko majani makubwa. Manyoya yataota.