Sukari imeganda 8.4 na fizi zatoka damu: kuna uhusiano?

Bint_Kisauni
Asalaam aleikum. Mamangu ana miaka 58, kisukari aina ya pili, anameza metfomini gramu moja asubuhi na gramu moja jioni. Dawa haruki, mahamri na chai ya sukari kapunguza, lakini kipimo cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kimeganda asilimia 8.4. Fizi zatoka damu akipiga mswaki na meno mawili ya chini yaanza kucheza. Fizi zaweza kuwa ndizo zinazoshikilia sukari juu? Na kwa daktari wa meno aombe nini hasa?

Tabibu_wa_Fizi
Waleikum salaam. Zaweza, na mambo haya hulishana. Sukari ikikaa juu, chembe nyeupe za damu hupigana vibaya na vijidudu, na kidonda hukawia kupona. Vijidudu navyo, vikijificha kati ya jino na ufizi, huufanya mwili utoe kemikali za uvimbe zinazozuia insulini kufanya kazi. Usione ni damu kidogo tu ya mswaki. Kwa aliyezidiwa, ukizikunjua kuta za mifuko yote inayozunguka meno (nafasi ya kati ya jino na ufizi uliobanduka), kidonda huweza kupita sentimita mraba 10. Kingekuwa mguuni mwa mgonjwa wa kisukari, nani angekiacha?

Aombe apimwe mifuko ya fizi. Daktari huingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita, mahali sita kwa kila jino. 1 hadi 3 ni sawa. 4 na kutoka damu ni dalili ya ugonjwa. 6 kwenda juu ni hali mbaya. Apigwe na eksirei, ionekane mfupa umeliwa kiasi gani. Kisha asafishwe *chini* ya ufizi kwa ganzi, mara nyingi kwa vikao viwili au zaidi. Wengi hung'arishwa meno kwa juu tu, wakaondoka wamefurahi, na ugaga (uchafu uliogandia jino) wa chini umebaki palepale. Damu hurudi.

Tafiti zikijumlishwa zaonyesha tiba hii hushusha kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa karibu 0.4 baada ya miezi mitatu au minne. Kwa hiyo tarajia 8.0, si 6, na dawa asiache.

Muuguzi_Likoni
Naongeza kidogo. Achukue miadi ya asubuhi, lakini ale na ameze dawa kama kawaida, apime sukari kabla ya kukaa kitini. Kwenda na njaa ni hatari hasa kwa wanaotumia insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamidi. Ataje dawa zote: amlodipini na nifedipini za presha huweza kuzivimbisha fizi. Asiziache mwenyewe, aulize daktari.

Kipimo cha sukari kirudiwe baada ya miezi mitatu. Hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo ukipima baada ya wiki mbili utaona sukari ya zamani na kudhani tiba haikufaa.

Bint_Kisauni
Shukran sana. Mswaki wa mti je? Na maji ya chumvi?

Tabibu_wa_Fizi
Mswaki wa mti wafaa, ncha ikitafunwa hadi ilainike na nyuzi zilizochakaa zikikatwa. Ila haufiki katikati ya meno. Hapo apitishe brashi ndogo za katikati kila usiku. Brashi ya kawaida iwe laini, ilazwe digrii 45 kuelekea ufizi, dakika mbili, mara mbili kwa siku. Asiache kwa kuogopa damu: utando wa vijidudu ukibaki, damu huzidi.

Chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi ya maji vuguvugu hutuliza, ugaga haitoi. Akipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2, asukutue mililita 10 kwa dakika moja asubuhi na usiku, nusu saa baada ya dawa ya meno. Ikizidi wiki mbili meno huingia madoa.

Kama kuna mvutaji sigara nyumbani, naye apimwe. Tumbaku hupunguza damu ya fizi, ugonjwa ukaendelea bila kuonekana.

Mama akivimba shavu, akipata homa au usaha ukitoka, asingoje miadi. Aende siku hiyohiyo.