Nyie mnaojiita wagunduzi wa migahawa ya "siri", mnatuharibia mji

Wakuu habari za muda huu, ila salamu hizi ni za adabu tu maana nina hasira. Naomba mtu yeyote mwenye simu, taa ya duara na ka akaunti kenye mafolowa aje hapa anieleze huo mgahawa wa siri aliougundua ulikuwa siri kwa nani. Mpishi anajulikana mtaa mzima, watoto wa shule wanamwamkia, mafundi wa gereji ya jirani wanakula pale kila mchana na wengine wana ukurasa wao kabisa kwenye daftari la madeni, halafu anashuka kijana kwenye taksi hedifoni shingoni anatangaza "jamani nimewagundulia sehemu". Umegundua nini kaka? Umeletwa na ramani ya simu.

Ngoja niwaeleze inavyokuwa, maana nilikaa pembeni na sahani yangu nikaangalia mwanzo mwisho. Sehemu ina meza nne, benchi moja mguu umewekewa kipande cha tofali, menyu imeandikwa kwa chaki na vitu viwili vishafutwa kwa kidole kwa sababu vimeisha. Anaingia jamaa, hakai. Anamwambia mpishi asogee kidogo, eti kivuli chake kinaharibu picha, na mama wa watu anasogea kweli, mwiko mkononi, kwenye jiko lake mwenyewe. Anaagiza karibu kila kilichobaki. Sahani zinaletwa, anazihamishia dirishani kufuata mwanga, anachukua mpaka kichupa cha chumvi cha meza ya mtu mwingine ambaye alikuwa bado anakitumia. Anachota kijiko kimoja, anafumba macho, "mmmh jamani", anaangalia video, haijampendeza, anachota tena kwa mshangao uleule kana kwamba ndo anaonja kwa mara ya kwanza. Mchuzi ushaanza kuweka utando juu. Anaondoka, sahani zimejaa vilevile. Wazee wawili walioingia wakati anajirekodi wameambiwa chakula kimeisha wakageuza. Kuhusu malipo sitasema mengi, ila maneno "nakutangazia bure mama" niliyasikia kwa masikio yangu.

Sasa video ikishapanda ndo balaa linaanza. Foleni mpaka barabarani, watu wanapaki magari kwenye geti la jirani, mpishi na msaidizi wake mmoja wanapika vya watu ishirini wakati waliofika ni mia, na huwezi kupika haraka kitu ambacho utamu wake unatokana na kukaa jikoni muda mrefu, hilo halihitaji elimu. Wateja wapya wanasubiri lisaa, wanakasirika, wanakula na hasira zao, wanatoa nyota moja: "huduma mbovu, sehemu ndogo, hakuna AC." Hakuna AC! Video uliiangalia na macho au na nini? Wateja wa zamani wameshahama kwa sababu mapumziko yao ya mchana hayatoshi kusimama foleni. Baada ya wiki chache wagunduzi wanahamia sehemu nyingine, hawarudi tena, na mpishi anabaki na sufuria kubwa alilonunua kwa ajili yao.

Na msije mkaniambia natia chumvi, haya mambo yameshatokea sehemu kubwa kuliko huku kwetu. Kuna mwandishi wa Marekani anaitwa Kevin Alexander, alizunguka miji 30 akala baga 330, mwaka 2017 akaitangaza baga ya mgahawa mmoja wa zamani wa Portland, Stanich's, kwamba ndiyo namba moja nchi nzima. Umati uliokuja haukuwa wa kawaida. Mapema 2018 mgahawa ukafungwa, ikasemwa ni wiki mbili tu za usafi, ukakaa umefungwa miezi na miezi, na mwandishi mwenyewe mwishoni mwa mwaka huo akaandika kwamba alipata baga bora halafu akaiua. Kuwa mkweli, mwenye mgahawa alikuwa na matatizo yake binafsi pia, siyo orodha peke yake. Ila hata mtu mwenye matatizo huwa anayamudu akiwa na wateja wake aliowazoea, siyo akiwa na umati wa watu wasiojua hata jina lake.

Au chukua Jay Fai wa Bangkok, yule mama anayepika kwenye mkaa amevaa miwani ya kuteleza kwenye theluji ili mafuta yasimrukie machoni, maarufu kwa kimanda cha kaa. Desemba 2017 akapewa nyota ya Michelin, ile heshima kubwa ya migahawa, watu wakasema mtaa umeshinda. Haikupita muda akanukuliwa akisema anatamani angeirudisha hiyo nyota, watu wamejaa na wengi wamekuja kupiga picha tu. Nyota ya Michelin hiyo, mpishi anatamani kuirudisha, wewe unamletea ka video ka sekunde thelathini unataka akushukuru!

Halafu hizo nyota zenyewe za kwenye apu mnazoziamini kuliko pua zenu. 2017 hiyohiyo kijana mmoja wa London, Oobah Butler, alisajili banda la bustanini kwake kama mgahawa kwenye TripAdvisor, mtandao wa watu kutoa maoni ya migahawa, akauita The Shed at Dulwich. Hakukuwa na mgahawa. Picha za vyakula zilipigwa kwa povu la kunyolea ndevu na vitu vingine vya nyumbani visivyoliwa, na picha moja ilikuwa na kisigino cha mguu wake. Marafiki wakaandika riviu, kila aliyepiga simu akaambiwa nafasi zimejaa, na ndani ya mwaka huo banda likawa namba moja kati ya migahawa zaidi ya elfu 18 ya London. Namba moja! Watu walikuwa wanabembeleza nafasi ya kula sehemu ambayo haipo, wakati huohuo kuna mtu mtaa wa pili anapika chakula cha kweli na ana nyota tatu na nusu kwa sababu mgeni mmoja hakupenda rangi ya viti.

Na hiyo nusu nyota siyo mchezo. Michael Luca wa Harvard alichukua data za Yelp, mtandao mwingine wa kupigia migahawa nyota, za mji wa Seattle, kazi yake ikatoka 2011, akakuta nyota moja ikiongezeka mapato ya mgahawa yanapanda kwa asilimia 5 mpaka 9. Na siyo wote, ni hii ya watu binafsi. Ile yenye matawi kila kona haikuguswa. Yaani kampuni kubwa ukiipa nyota moja haiumii hata ukucha, mwenye meza nne ukimpa nyota moja kwa sababu umenyeshewa kwenye foleni umemgusa ada ya mtoto. Fikirieni hilo kabla kidole hakijabonyeza.

Tatizo kubwa ambalo nadhani ndo mzizi ni kwamba mnakula kwenye mji wenu kama wasafiri. Kitabu cha Michelin kilianzishwa 1900 na ndugu wawili wauza matairi, Wafaransa, wakitaka wenye magari watembee zaidi matairi yaishe, nyota zikaanza 1926, na mpaka leo nyota mbili maana yake sehemu inafaa uchepuke njia, tatu inafaa usafiri maalum. Ni lugha ya mtu anayepita njia. Ana usiku mmoja mjini, hana jinsi, lazima aulize orodha. Wewe unalala hapa! Unaweza kwenda Jumanne ukakuta pa kawaida, ukarudi wiki ijayo ukakuta kumbe siku ile kilichoisha ndo kilichokuwa kitamu. Msafiri hana hiyo nafasi hata awe na hela kiasi gani, wewe unayo bure na unaitupa kwa kufuata kumi bora ya mtu ambaye naye alikaa siku mbili.

Jonathan Gold, mwandishi wa chakula wa Marekani, Mungu amrehemu, alifariki 2018, aliamua ujanani kula barabara moja ya Los Angeles, Pico Boulevard, sehemu kwa sehemu kutoka mwanzo kuelekea mwisho. Hakuwa na apu, alikuwa na miguu. Baadaye alikuwa anarudi sehemu moja mara kadhaa kabla hajaandika mstari, na 2007 akawa mkosoaji wa kwanza wa migahawa kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, kwa kuandika kwa wingi kuhusu migahawa ya kwenye vibaraza vya maduka ambayo wakubwa walikuwa wanaipita na gari vioo juu. Sisi huku mtu anaenda mara moja, haulizi hata mpishi ametokea wapi, anatoa "hukumu".

Wengine mtakuja na ile hoja yenu ya uchafu. Sawa, tuongee usafi, ila kwa akili. Bakteria hawaangalii kama sehemu ina mapambo. Shirika la Afya Duniani linasema wanazaliana vizuri kati ya nyuzi 5 na 60, na chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili. Kwa hiyo angalia mvuke, angalia kama anayeshika pesa ndiye anayeshika chakula bila kunawa, angalia maji ya kuoshea vyombo yanabadilishwa au ni yaleyale tangu asubuhi. Sahani inayotoka jikoni inafuka moshi uchochoroni naiamini kuliko treya za hotelini zilizokaa vuguvugu chini ya taa ya njano tangu saa sita. Na kama pachafu kweli pachafu, ondoka, hakuna aliyekulazimisha, mimi sitetei uchochoro kwa sababu ni uchochoro.

Na nyie wa kuagiza kwa simu mkilala kitandani mkidhani ndo mnagundua vitu vipya, ohoo. 2020 Marekani watu waliagiza piza kwenye apu kutoka Pasqually's Pizza & Wings wakidhani wanamuinua mjasiriamali mdogo wa mtaani, kumbe ni jiko la Chuck E. Cheese, kampuni kubwa ya michezo ya watoto, limebadilisha jina tu. Apu hizo huko makato yanafika asilimia 30 ya oda, ndo maana mji kama San Francisco mwaka huohuo uliweka kikomo cha 15. Kama unampenda mpishi inuka ukachukue mwenyewe.

Mtu anayetaka kupata sehemu kweli hahitaji video. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, tembea mida ya mchana siku ya kazi, angalia wanaofanya kazi ya kutoka jasho wanaelekea wapi, kwa sababu hao hawana hela ya kujaribu mara mbili. Menyu fupi ni dalili nzuri. Sehemu inayofunga mapema kwa sababu sufuria limeisha ni dalili nzuri zaidi. Ukikaa usiulize "nini kitamu hapa" maana atakwambia vyote, uliza nini huwa kinaisha mapema. Kula, maliza, lipa, rudi wiki nyingine na rafiki mmoja. Mmoja, siyo msafara. Ukirudi mara ya tatu utaona unapewa bila kuagiza, na hapo ndo utamu wenyewe wa kuishi mjini, mtu anakujua unakulaje, hakuna orodha duniani inayoweza kukupa hicho kitu.

Najua mtu wa tatu hapo chini ataniuliza lokesheni ya hiyo sehemu ya meza nne. Sitaji, usinifuate inbox.

Na kwa wanaosema video zinawasaidia wenye migahawa, sikatai, wapo waliokuwa wanakaribia kufunga wakaokolewa na posti moja. Basi mfanyeni kama watu wazima. Muulize mwenye mgahawa kwanza kama anataka kutangazwa na kama anaweza kuhudumia umati, siyo unamshtukiza anaona foleni asubuhi. Andika umekula mara ngapi pale, andika umelipa au hukulipa. Taa yako iache nyumbani. Sahani ulizoagiza zimalize au fungasha uondoke nazo. Ukishindwa kufanya hata hayo, futa video.