Wanagofu wa Dar, kila nikishika draiva mpira unapinda kulia. Naombeni msaada kabla ya mashindano

Mtoto wa Tabata:

Habari za jioni wakuu. Nimeandika marefu kidogo, naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Nina miaka 43. Gofu nilianza miaka miwili iliyopita pale uwanja wa Lugalo, rafiki yangu wa kazini ndiye aliyenivuta. Handikapu yangu (kipimo cha kiwango cha mchezaji, kadiri ilivyo ndogo ndivyo ulivyo bora) ni 24, napiga kwa mkono wa kulia. Shida yangu iko kwenye tii, pale shimo linapoanzia, na ni kwa draiva tu, ile fimbo ndefu ya mpigo wa kwanza. Mpira unaondoka vizuri, wakati mwingine unaanzia hata kushoto kidogo ya nilipolenga, halafu ukifika katikati ya safari unaanza kujipinda kulia, unaishia mitini. Jumamosi iliyopita nimepoteza mipira sita ndani ya mashimo tisa. Miwili ilitoka nje ya mipaka kabisa, na hapo mnajua adhabu yake: unarudi ulipotoka na unapiga mkwaju wa tatu. Shimo moja la par 4, yaani la kumaliza kwa mikwaju minne, nilitoka na 9.

Kinachonichanganya ni kwamba aironi 7, fimbo fupi ya chuma, naipiga inakwenda moja kwa moja. Mikono ni ile ile, mtu ni yule yule. Sasa draiva ina nini?

Nimeshajaribu kulenga kushoto zaidi, mpira ukazidi kupinda. Nimejaribu kupiga taratibu, nikapoteza umbali na bado ukapinda. Nimeangalia video mtandaoni, mmoja anasema zungusha kiuno, mwingine anasema tuliza kiuno. Kuna kocha nilimlipa saa moja, akanibadilishia vitu vinne kwa mpigo, nikatoka pale siwezi hata kuugusa mpira. Iliniuma sana kwa sababu pesa ile niliichanga.

Mashindano yetu ya ndani ni wiki tano zijazo. Siombi kushinda. Nataka nisimame kwenye tii nikiwa najua mpira unakwenda wapi.

Subira_77:

Tatizo lako ndilo langu, neno kwa neno. Naweka kambi hapa.

Kedi Mstaafu:

Mwanangu wa Tabata, pole. Nimebeba mifuko ya watu miaka 19, nimeona draiva za kila aina zikipinda, na nitakuuliza swali moja kabla hujabadilisha chochote: mpira unagonga wapi kwenye uso wa fimbo? Katikati, upande wa ncha, au kisigino kule karibu na mpini?

Ukisema hujui, basi hao wote waliokushauri walikuwa wanatibu ugonjwa bila kupima.

Nunua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani. Paka kidogo sana kwenye uso wa draiva, ipulize ibaki kama vumbi. Piga mpira mmoja. Angalia alama. Futa, paka tena, piga. Fanya hivyo mara 10 na kila mara chukua picha kwa simu. Usibadilishe kitu, piga kama unavyopiga siku zote. Halafu rudi hapa utuambie.

Mtoto wa Tabata:

Shikamoo mzee. Kwa kweli sijui unagonga wapi, sijawahi hata kuangalia. Kesho nakwenda.

Pembe na Nyuzi:

Wakati tunamsubiri, niseme kwa nini aironi inanyooka na draiva haimnyookei, maana wengi linawatesa hili.

Mpira unapoanza kuruka, mwelekeo wake wa kwanza unatokana zaidi na uso wa fimbo ulikuwa unatazama wapi wakati wa kugonga. Kule kupinda kunakofuata kunatokana na tofauti kati ya uso na njia ambayo fimbo ilikuwa inapita. Ndugu yetu anasema mpira wake unaanza kushoto kidogo kisha unakwenda kulia. Maana yake fimbo yake inakata kutoka nje kuja ndani, na uso uko wazi ukilinganisha na njia hiyo. Ndiyo sababu kulenga kushoto kumemzidishia: mabega yanafunguka kushoto, fimbo inafuata mabega, inakata zaidi.

Aironi 7 ina uso uliolala takriban nyuzi 30. Mpira unazunguka sana kwa kurudi nyuma, na mzunguko huo unaficha kosa dogo la pembeni. Draiva nyingi ziko kwenye nyuzi 9 hadi 12 tu. Kosa lile lile, halina pa kujificha. Ongeza na urefu wa mpini, na umbali ambao mpira unasafiri, utaona kwa nini kosa dogo linakupeleka mitini.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani mzee Kedi analinusa. Draiva ina kichwa kikubwa na uzito wake umekaa nyuma ya uso. Ukigonga kwa kisigino, kichwa kinajizungusha na mpira unapata mzunguko wa kuupinda kulia, hata kama uso ulikuwa sawa. Ukigonga kwa ncha ni kinyume chake, unapinda kushoto. Kwenye aironi jambo hilo ni dogo sana. Kwa hiyo mtu anaweza kurekebisha mshiko na mabega mwaka mzima, kumbe anagonga kisigino.

Mzee wa Gymkhana:

Kijana, mimi nasema iache draiva kwenye mfuko. Nani alikwambia ni lazima? Kanuni inakuruhusu fimbo 14, haikulazimishi kupiga yoyote. Henrik Stenson, yule mchezaji wa Sweden, alikuwa maarufu kwa kuanzia na mbao namba 3 (fimbo inayofuata draiva kwa urefu) mashimo mengi, na mwaka 2016 alishinda mashindano ya The Open kule Royal Troon kwa mikwaju 264. Mbao 3 uso wake umelala zaidi na mpini ni mfupi. Utapoteza mita chache lakini mpira wako wa pili utapigwa kutoka kwenye nyasi, si kutoka nyuma ya mti.

Sisi huku mjini tuko karibu na bahari. Kusi ikivuma, mpira wenye kupinda unachukuliwa kama karatasi. Na nawaona vijana upepo ukiwa usoni wanaongeza nguvu. Nguvu inaongeza mzunguko, mpira unapanda juu na unapinda zaidi. Upepo wa usoni unataka utulivu.

Kedi Mstaafu:

Mzee mwenzangu heshima yako, kwa siku ya mashindano nakubaliana nawe nusu. Lakini anayegonga kisigino kwa draiva atagonga kisigino kwa mbao 3 pia, tena ile kichwa chake ni kidogo. Tumponye kwanza, halafu achague mwenyewe.

Dada wa Mbezi:

Kaka Tabata, mimi nina la pembeni ila kwangu ndilo lililobadilisha mchezo. Unafika uwanjani saa ngapi, na mikono yako ikoje?

Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa natoka nyumbani, foleni ya Mwenge inanila, nafika dakika tano kabla ya zamu yangu, nashuka kwenye gari mgongo umekakamaa na mpigo wangu wa kwanza wa siku ni draiva. Mashimo matatu ya mwanzo yalikuwa msiba. Sasa nafika dakika 40 mapema. Naanza na fimbo fupi, mipigo 10 midogo, napanda taratibu, draiva napiga tano tu za mwisho. Na katika hizo tano, ya mwisho naipiga kama vile ndiyo ya shimo la kwanza: naweka mpira, narudi nyuma, nachagua kitu cha kulenga, napumua, naingia.

La pili ni jasho. Hapa Dar kuanzia Desemba mpaka masika inapoanza, hewa yenyewe ni maji. Mpini ukiteleza unaubana bila kujua, mikono inakakamaa na uso wa fimbo haujifungi. Nilikuwa nadhani nina slaisi, huko kupinda kulia, ya kuzaliwa. Siku moja nikaosha mipini yote kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, nikaikausha kivulini. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya kuosha masufuria ya mkaa. Sasa naosha kila baada ya wiki mbili, nabeba glovu mbili na kubadilishana, na kitaulo kikavu nakining'iniza kwenye mfuko.

Mtoto wa Tabata:

Wakuu, nimerudi. Mikono inatetemeka nikiandika.

Nimepaka poda leo asubuhi kama mzee alivyosema. Mipira 10. Alama nane ziko kisigino, tena mbili ziko karibu kabisa na shingo ya fimbo, nashangaa sijavunja kitu. Moja katikati, na ile ndiyo iliyonyooka. Moja juu sana, nusu iko kwenye rangi.

Nimezipanga picha zote kwenye simu, nikamwonyesha mke wangu ambaye hajui gofu, akasema, "Sasa si unagonga pembeni kila mara?" Miaka miwili sijaliona hilo!

Dada wa Mbezi, asante. Mimi nafika saa 12:45 asubuhi na zamu ni saa 1:00 kamili. Mipini sijawahi kuosha tangu ninunue.

Sasa mzee, nisogee nyuma mbali na mpira?

Kedi Mstaafu:

Hapana mwanangu, usisogee kwanza. Karibu kila mtu anakimbilia hapo, na wengi wakisogea nyuma wanazidi kuufuata mpira kwa mwili.

Angalia miguu yako. Ninavyokuhisi, ukishuka uzito unakwenda kwenye vidole vya miguu, mwili unausogelea mpira, na kichwa cha fimbo kinapita sentimita kadhaa mbele ya pale ulipokiweka. Ndiyo maana ukikaa kupiga unaona fimbo iko katikati ya mpira, lakini inapofika imeshasogea.

Fanya hivi. Chukua boksi tupu la maziwa. Weka mpira kwenye kijiti chake cha kuuinua, kisha simamisha boksi upande wa mbali wa mpira, nafasi ya vidole vitatu kati yake na mpira. Piga. Ukigonga boksi, ujue umesogea. Anza kwa mpigo wa nusu, bila nguvu. Ukishaweza nusu mara 10 bila kugusa boksi, ongeza. Uzito usikie katikati ya unyayo, usikie kisigino cha mguu wa kushoto kinakanyaga ardhi wakati wa kugonga.

Mpira uwe sambamba na ndani ya kisigino cha mguu wa kushoto. Kijiti kiwe na urefu ambao nusu ya mpira inachungulia juu ya draiva unapoiweka chini. Ile alama yako moja ya juu inanionyesha urefu wa kijiti chako unabadilika badilika.

Na chini weka fimbo mbili sambamba, moja mbele ya vidole vya miguu, moja ikielekea unakolenga. Hizo zitakwambia kama mabega bado yanafunguka. Mshiko usiuguse wiki hii. Kitu kimoja kwa wakati.

Pembe na Nyuzi:

Naunga mkono hilo la mwisho kwa nguvu zote. Na uandike. Daftari dogo tu: tarehe, mipigo 20, mingapi imegonga katikati. Usihesabu umbali. Umbali utakudanganya, maana mpira unaogonga ovyo siku ya ardhi kavu unaviringika mbali kuliko mzuri wa siku ya mvua.

Subira_77:

Nimepaka poda na mimi. Zangu ziko ncha! Zote! Na mpira unapinda kulia bado. Inakuwaje?

Pembe na Nyuzi:

Kwako basi uso uko wazi kwa kiasi ambacho hata kugonga kwa ncha hakuwezi kuurudisha mpira. Wewe tatizo lako ni mshiko. Ukitazama chini, unaona vifundo vingapi vya mkono wa kushoto? Kama ni kimoja, uzungushe mkono kulia kidogo mpaka uone viwili au viwili na nusu. Fungua uzi wako, tusimchanganye Tabata, dawa zenu ni tofauti.

Mtoto wa Tabata:

Wakuu, wiki tatu zimepita. Maboksi ya maziwa nimepasua kumi na moja, watoto wangu ndio wananikusanyia.

Daftari linasema hivi: siku ya kwanza 3 kati ya 20 katikati. Wiki ya pili 9. Jana 13. Na hizo zinazokosea sasa zinakosea karibu. Jumamosi nimecheza mashimo 18, nimepoteza mpira mmoja tu. Huo nilipouona unaelekea mitini nilitangaza mpira wa akiba kabla sijaondoka kwenye tii, tukatafuta ule wa kwanza dakika zetu tatu, hatukuuona, nikaendelea na wa akiba bila kurudi nyuma. Zamani nilikuwa naona aibu kutangaza, narudi kwa miguu huku watu wananisubiri.

Mzee wa Gymkhana, kwenye yale mashimo mawili membamba nilitumia mbao 3 kama ulivyosema. Yote mawili nilikaa kwenye nyasi fupi.

Kilichobaki ni urefu wa kijiti. Nikiwa mazoezini nakiweka vizuri, lakini uwanjani nikiwa na watu nyuma yangu nakizamisha tu, mara juu mara chini.

Dada wa Mbezi:

Kaka, chukua rangi ya kucha, chora mstari kwenye kila kijiti pale unapotaka ardhi iishie. Ukizamisha, simama mstari ukigusa nyasi. Mimi natumia nyekundu, inaonekana hata alfajiri.

Mtoto wa Tabata:

Binti yangu amenipa ya kwake ya zambarau. Nimechora vijiti 30, viko dirishani vinakauka. Kesho saa 12:15 asubuhi niko uwanjani.