MREJESHO: nati ya kumwagia oili iliyokula hesi (Tanga)

Wadau, niliuliza kuhusu pikipiki ambayo nati yake ya oili inazunguka bila kukaza na oili inadondoka. Imepona. Gamba la injini ni alumini na nati ni chuma, kwa hiyo ukikaza kwa spana ndefu ili kuziba washa (ringi bapa ya kuzuia uvujaji) iliyochoka, zinazolika ni hesi, yaani mifereji ya kukazia, za gamba.

Wapo walioshauri silikoni au nati nene ya kujichongea yenyewe. Silikoni haishiki nati, na ile nati nene ikiingia upande inapasua gamba.

Fundi wa kukereza vyuma, Ngamiani, ametumia koili ya chuma (Helicoil) inayoingizwa tunduni kuwa hesi mpya, ya M12x1.5 (upana mm 12, nafasi ya hesi mm 1.5), saizi ya nati yangu. Pima yako kwanza. Tundu linatobolewa kwa biti inayokuja na seti, kisha tapu yake (kifaa cha kuchonga hesi) iliyopakwa grisi ili inase machicha ya alumini. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na iingie wima. Ikilala, washa haitakaa sawa na itavuja tena. Koili izame kidogo chini ya uso wa gamba. Kile kiulimi cha chini ya koili, cha kuizungushia, kivunjwe na kitolewe kwa koleo, kisibaki ndani ya injini hata kidogo!

Kabla ya kufunga, mimina oili ya bei rahisi kama robo lita ipite moja kwa moja kusafisha machicha. Washa mpya ya shaba, kaza takriban Nm 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Injini imechemka, nimepangusa chini kwa kitambaa cheupe: kikavu.